Risala ya Madereva wa Malori ya Masafa Marefu na Familia Zao, Webuye, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Chifu wetu, wazee wa vijiji, viongozi wa dini, wanachama wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya madereva, wake zao na wajane walioachwa na wenzetu, tunakukaribisha Webuye kwa moyo mkunjufu. Tunajua una shughuli nyingi, na kufika kwako kabla ya saa nane kumetupa moyo sana, kwa kuwa tumewahi kuwasubiri wageni rasmi hadi chakula kikapoa na watoto waliotayarisha wimbo wakarudishwa nyumbani.

Historia yetu ni fupi. Wengi wetu ni watoto wa kiwanda cha karatasi. Baba zetu walipokea mshahara kila mwisho wa mwezi na kutusomesha kwa mshahara huo. Kiwanda kilipofungwa mwaka 2009, barabara kuu iliyokuwa ikipita tu mlangoni petu ndiyo iliyobaki kuwa mwajiri. Tulianza kama utingo, tukifunga turubai na kulala juu ya mizigo, hadi tukapata leseni za kuendesha trela. Miaka hiyo, dereva wa safari ya Mombasa hadi Malaba, mpakani mwa Uganda, mwendo wa zaidi ya kilomita 900, alihesabiwa miongoni mwa watu wenye uwezo: alijenga nyumba ya matofali, akafuga ng'ombe wa maziwa na kupeleka watoto shule za bweni.

Tangu tuungane, tumepiga hatua kubwa ambazo vikundi vingine vya eneo hili huja kuzitazama na kujifunza. Tumenunua mahema mawili na viti 150 vya kukodisha. Tumewazika wenzetu kwa heshima bila familia hata moja kuuza ng'ombe, na mikopo ya karo hutolewa kabla ya shule kufunguliwa. Tunayataja haya kwa fahari, lakini siyo tuliyokuitia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, neema tuliyoieleza imepungua mbele ya macho yetu. Januari 2018 treni za mizigo za reli ya kisasa zilianza kubeba makasha kutoka Mombasa hadi Nairobi, na agizo la mwaka 2019 la kutaka makasha yasafirishwe kwa reli likapunguza safari zetu. Kwa kuwa wengi wetu hulipwa kwa safari, likapunguza pia chakula mezani. Mwaka 2020 tulipanga foleni kwa siku kadhaa kuelekea Malaba tukisubiri majibu ya vipimo vya korona, na majirani wakatukwepa kana kwamba sisi ndio ugonjwa. Septemba 2022 ilipoamriwa shughuli za kutoa mizigo zirudi bandari ya Mombasa kutoka Nairobi na Naivasha, tulishukuru. Hata hivyo, shamba lililokuwa limekwisha kuuzwa halikurudi pamoja nazo.

Kinachotumaliza sasa ni usiku. Dereva akifika Webuye saa tano za usiku amechoka, naye hana mahali pa kuegesha ila ukingo wa lami. Hakuna taa, hakuna choo, hakuna mlinzi. Hulala juu ya usukani akiwa na spana mkononi, na hata hivyo usingizi humshinda. Mwezi uliopita mwanachama wetu mmoja aliamka saa kumi alfajiri akakuta kifuniko cha tangi kimening'inia kwa mnyororo wake, mpira wa kunyonyea mafuta umeachwa kwenye nyasi, na lita 80 za dizeli hazipo. Kwa bei ya sasa hizo ni zaidi ya shilingi 10,000, na tajiri wake alizikata zote kwenye malipo ya safari. Wiki hiyo binti yake wa kidato cha tatu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Turubai likichanwa na magunia mawili ya sukari yakapungua, hesabu ni ileile: anayelipa ni dereva. Hivyo ndivyo familia iliyokuwa imesimama inavyorudi chini, lita kwa lita, na mtu asiyeijua kazi hii hudhani kwamba madereva hawajui kutunza pesa.

Tena tunaogopa zaidi ya wizi. Mama zetu huuza chai na mandazi katikati ya malori hayo, gizani, hatua chache kutoka mahali magari yanapopita kwa kasi. Tulipopata habari za Londiani, tarehe 30 Juni 2023, ambako lori liliwaua zaidi ya watu 50 kando ya barabara, hakuna aliyelala hapa. Kila mmoja aliwahesabu watu wake wanaokaa ukingoni kila jioni.

Kwa hiyo ombi letu kuu, na kwa kweli ndilo ombi letu la pekee leo, ni yadi ya kuegesha malori usiku. Hatuombi ardhi, kwa maana kiwanja cha ekari mbili kilishatengwa, kikapimwa na kuwekewa mawe ya mpaka. Hatuombi nguzo, kwa sababu wanachama wamechanga na kununua nguzo 120 za uzio, ambazo zimerundikwa nyuma ya kanisa na sasa mchwa wameanza kuzila. Tunaomba changarawe ya kusawazisha kiwanja, waya wa uzio, taa, vyoo vya wanaume na wanawake, na maji. Malori yatalipa ada ndogo kila usiku, na kwa ada hiyo tutalipa walinzi na umeme wenyewe, bila kurudi kwako kuomba tena.

Kwa heshima zote, tunalazimika kukukumbusha kwamba wewe si wa kwanza kulisikia ombi hili. Mgeni wetu wa kwanza aliweka jiwe la msingi, nalo bado lipo, limezungukwa na nyasi ndefu kiasi kwamba mbuzi hufungwa hapo. Wa pili alituhakikishia, mbele ya wachungaji wawili, kwamba fedha zingekuwemo katika bajeti iliyofuata. Wa tatu alitaka maandishi. Tukayapeleka, tukaambiwa yamepotea, tukayapeleka tena. Hatusemi haya ili kumwaibisha mtu. Tunayasema kwa sababu wanachama wameanza kutuuliza sisi viongozi tunapata faida gani kwa kualika wageni, na hatuna jibu la kuwapa.

Ndiyo sababu tunakusihi, ukisimama kujibu, ututajie mwezi ambao lori la kwanza la changarawe litafika, na ututajie ni nani tutakayempigia simu lisipofika. Na ikiwa uwezo huo huna, tuambie leo hadharani, nasi tutakushukuru kwa ukweli wako na kutafuta njia nyingine.

Nakala ya risala hii, barua zote tulizowahi kuandika na ramani ya mpima ardhi zimo katika bahasha utakayokabidhiwa na mama mweka hazina. Tunaomba uipokee kwa mkono wako mwenyewe, Mheshimiwa, kwa kuwa zile mbili zilizotangulia zilipokelewa na wasaidizi.

Ahsante.

Ni sisi, madereva wa Webuye na familia zetu.