Likizo ya mwaka isiishie kwenye fomu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowachosha wafanyakazi wengi wa ofisini, hasa sisi wa uhasibu, ambao mwisho wa mwaka hutukuta tukiwa na hesabu za kufunga, mishahara ya kuandaa na wakaguzi wa kuwajibu kwa wakati mmoja. Jambo lenyewe ni likizo inayojazwa kwenye fomu, ikasainiwa na kuwekwa kwenye jalada, huku mwenye likizo akiendelea kuja kazini, au akifanya kazi ileile akiwa nyumbani.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuliacha suala hili kwenye hisani ya mkuu wa idara. Inampa mfanyakazi likizo yenye malipo ya siku 28 mfululizo katika kila mzunguko wa likizo, yaani kila miezi 12 ya ajira, sikukuu zikiwemo. Mwajiri ndiye anayepanga ianze lini, lakini hawezi kuisogeza mbele apendavyo: ni lazima ianze ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 endapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu. Sheria hiyohiyo imeweka ukomo wa saa 45 za kazi ya kawaida kwa wiki, pamoja na mapumziko ya angalau saa 12 kati ya kumaliza kazi ya leo na kuanza ya kesho. Mhasibu anayetakiwa saa nne usiku kurekebisha jedwali kupitia kundi la WhatsApp la ofisi, kisha saa mbili asubuhi awe mezani, saa hizo 12 amezipata wapi?

Hoja ninayoisikia kila mara ni kwamba fulani akiondoka kazi itasimama. Kwangu mimi, hiyo ndiyo sababu ya kumpa likizo mapema zaidi. Ofisi ambayo mtu mmoja tu ndiye anayejua kuandaa mishahara na ndiye mwenye nywila ya mfumo imejiweka hatarini, kwa sababu siku akiugua hapatakuwa na wa kushika nafasi yake. Benki nyingi huwataka wafanyakazi wao wachukue likizo ya mfululizo kila mwaka kama sehemu ya udhibiti wa ndani, kwa kuwa wizi unaofichwa kwa marekebisho ya kila siku hujitokeza pale mtu mwingine anapokaimu. Mfanyakazi asiyeondoka mezani mwaka hadi mwaka, ambaye tumezoea kumsifu kwa kujituma, ndiye ambaye mafaili yake mkaguzi makini angetaka kuyaona kwanza.

Wala saa nyingi hazileti kazi nyingi kama tunavyodhani. Mwanauchumi John Pencavel wa Chuo Kikuu cha Stanford alichambua kumbukumbu za wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akabaini kwamba baada ya takribani saa 50 kwa wiki, saa zilizoongezwa zilizalisha kidogo kuliko zilizotangulia, na kwamba kukosa siku ya mapumziko kulishusha uzalishaji. Hao walikuwa wakitengeneza silaha viwandani. Anayelinganisha taarifa ya benki na daftari la fedha akiwa amechoka hukosea tarakimu moja usiku, na kesho yake watu wawili wanashinda wakiitafuta.

Nawaomba waajiri watoe ratiba ya likizo ya ofisi nzima ifikapo Januari, kila jina likiwa na jina la atakayekaimu, na makabidhiano yafanyike kwa maandishi ili anayeondoka asipigiwe simu kuulizwa faili liko wapi. Wakuu wa idara nao waende likizo, maana walio chini yao huona aibu kuomba siku ambazo bosi mwenyewe hazichukui. Kwa maafisa kazi, ombi langu ni kwamba wanapokagua kumbukumbu za likizo wasitosheke na fomu zilizosainiwa, bali walinganishe tarehe zake na daftari la mahudhurio la siku hizohizo.

Mhasibu,
Morogoro