Risala ya wazazi walezi wa Ulyankulu kwa Mheshimiwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Ndugu Mtendaji wa Kata,
Mkuu wa Shule na walimu wote,
Viongozi wa dini, wazee wetu, wazazi, wanafunzi: itifaki imezingatiwa.

Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Kwa wenyeji wetu, mwangaluka. Kwa wazee wetu, amahoro.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Ulyankulu, Wilaya ya Kaliua. Vumbi la mwezi huu wa Oktoba tunalijua, na tunajua una majukumu mengi kuliko siku zilizopo kwenye juma. Barua yetu ya mwaliko ulijibu ndani ya siku nne. Kikundi hiki kimewahi kusubiri jibu la barua miezi saba, kwa hiyo hizo siku nne tumezihesabu na tunakushukuru kwa kila moja.

Historia yetu ni ndefu, tutapita juu juu. Wazee wetu walianza kuingia hapa mwaka 1972 wakitoka Burundi na watoto mgongoni, wakakuta msitu wa miombo na mbung'o. Serikali iliwapa ardhi. Wenyeji wetu Wanyamwezi waliwapa kitu ambacho hakimo kwenye taarifa yoyote: waliwaonyesha uyoga upi unaliwa na upi unaua. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen kwa jinsi nchi hii ilivyopokea wakimbizi, na sisi tunaamini kipande cha tuzo ile ni cha akina mama wale wa uyoga. Mwishoni mwa miaka ya 1970, maji yalipokuwa hayatoshi, wenzetu wengi walihamishiwa Mishamo, makazi mengine ya wakimbizi. Tuliobaki tukalima mahindi na tumbaku, tukarina asali, tukaimba. Nchi nzima inaijua Barabara ya 13, hapa hapa Ulyankulu, kwa kwaya yake.

Mwaka 2007 kila kaya iliulizwa kama inataka kurudi Burundi au kuwa Watanzania, na takriban asilimia 80 ya watu wa makazi yetu na yale ya Katumba na Mishamo walichagua Tanzania. Lakini tuliambiwa pia kwamba makazi yatafungwa na tutatawanywa mikoani. Hapa tunaomba tusimame kidogo, Mheshimiwa, kwa sababu jambo tunalokuja kuliomba lina mzizi pale. Kwa miaka saba hivi hakuna aliyejenga Ulyankulu. Nani achome tofali mahali anapoambiwa atahama? Mzazi hakuezeka nyumba, kijiji hakikuongeza darasa, hata mwembe watu waliona hasara kuupanda. Oktoba 2014 serikali ikaanza kugawa vyeti vya uraia kwa waliokubaliwa, zaidi ya watu 162,000 katika makazi yote matatu. Mpango wa kututawanya uliachwa, tukabaki hapa tukiwa raia, na tunashukuru kwa moyo wote. Ila ile miaka saba haikurudi, na watoto waliozaliwa ndani yake ndio hawa waliokaa mbele yako kwa sare.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2021 na wazazi tisa chini ya mwembe wa kanisa. Leo tupo 37, akina mama 29 na akina baba 8. Hatuna mfadhili. Tuna kibaba. Kila Jumamosi mwanachama analeta kibaba kimoja cha mahindi au maharage; asiye nacho analeta chumvi, na asiye na chumvi anakuja kusaga. Kwa kibaba hicho kikundi kimepata mafanikio makubwa sana ambayo kwa ruhusa yako tunayataja kwa fahari. Tumelisha wasichana 23 wanaosoma mbali na kwao, kila juma la masomo kwa miaka minne, bila kukosa hata juma moja, ukiacha mawili ya mwaka 2022 ambapo mvua ilichelewa na ghala lilikuwa tupu. Tumenunua taa 9 za sola. Tumefunga makomeo kwenye milango 17. Fundi baiskeli wetu ametengeneza baiskeli za wanafunzi zaidi ya mara mia moja, na gharama yake ni kiraka na gundi tu, mikono ni sadaka. Na binti mmoja wa kibaba, ambaye mama yake alitaka kumwachisha shule kidato cha pili kwa kukosa chakula, sasa yuko chuo cha uuguzi. Kwetu sisi huyo ni hospitali nzima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utauliza komeo ni mafanikio gani. Tunaomba tueleze.

Shule hii inapokea watoto kutoka vijiji vya mbali, wengine kilometa 15 na zaidi. Tangu mwaka 2016 ada iliondolewa, na darasa likajaa, jambo la heri. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne hawezi kutembea kilometa 30 kwenda na kurudi kila siku, kwa hiyo wazazi wanampangia chumba mtaani. Wenyewe wanaita geto. Ni chumba cha shilingi 10,000 kwa mwezi, mara nyingi wasichana wawili au watatu, mafiga matatu nje, ndoo ya maji na godoro moja. Mlango wa geto la kwanza tulilokagua ulikuwa unafungwa kwa kamba ya katani iliyozungushwa kwenye msumari. Binti alituonyesha jinsi anavyoifunga akiwa ndani: mizunguko mitano, kisha fundo, kisha anaegemeza ndoo ya maji. Alituambia ndoo ikiwa imejaa analala vizuri. Siku ile ile mweka hazina wetu alikwenda dukani akanunua komeo kwa fedha yake, na mume wake akalifunga jioni. Ndivyo yalivyoanza makomeo 17.

Wakati mgumu kuliko wote si njaa. Ni miezi ya masoko ya tumbaku. Malipo yakitoka vilabu vinajaa, na wanaume wenye noti mpya mfukoni wanajua milango yote wanakolala watoto wasio na mzazi karibu. Wengine bado wanawaita "vimkimbizi", Mheshimiwa, watoto waliozaliwa hapa na kukulia hapa, kana kwamba mtoto aliyeitwa hivyo hana mwenyewe. Mwaka jana wasichana wanne wa shule hii waliacha masomo kwa ujauzito. Tunashukuru kwamba tangu Novemba 2021 serikali imewafungulia mlango wa kurudi. Wawili wamerudi, na watoto wao wanalelewa na bibi zao. Wawili hatujawapata.

Bibi aliyekaa mstari wa kwanza, mwenye kitenge cha njano, anatimiza miaka 74. Aliingia msitu huu mwaka 1972. Tangu mwaka juzi, miezi ya malipo ya tumbaku, anabeba mkeka, blanketi na mchi wake wa kutwangia, anakwenda kulala geto, sakafuni, mgongo wake ukiwa umeegemea mlango. Kila usiku geto tofauti, kwa zamu anazozipanga mwenyewe kichwani. Usiku mmoja wa Agosti mtu aligonga mara tatu. Bibi hakusema neno. Alipiga mchi sakafuni mara moja, hatua zikaondoka. Asubuhi mabinti watatu wa geto lile wakaenda kufanya mtihani wao wa utamilifu. Hakuna aliyemtuma bibi huyu na hakuna anayemlipa. Tulipomuuliza kwa nini, alisema kwamba mwaka ule walipofika, mama mmoja wa Kinyamwezi alimlaza yeye na mwanawe jikoni kwake miezi miwili, na hajapata nafasi ya kumrudishia.

Lakini Mheshimiwa, mwaka huu miguu ya bibi imeanza kuvimba, na mageto ni 14. Wema wa jirani tumeupeleka mpaka pale unapofika. Kuanzia hapo panahitajika paa.

Ndiyo sababu mwaka 2022 kikundi hiki, kwa nguvu za wananchi, kilianza kujenga bweni la wasichana ndani ya eneo la shule. Vyumba sita, wasichana 48. Tulichimba msingi wenyewe, akina mama walisomba maji kichwani kutoka kisimani, akina baba walichoma matofali, vijana wa kwaya waliimba huku wakisogeza mawe. Ndani ya miezi mitano boma lilifika renta, yaani usawa wa juu ya milango na madirisha. Hilo, Mheshimiwa, lilifanywa na watu wanaoishi kwa kibaba.

Boma hilo limesimama bila paa hadi leo.

Tunayasema yanayofuata bila kumlaumu mtu, kwani waliotutembelea kabla yako walikuwa watu wema, walikula nasi na kucheza ngoma yetu. Mgeni wetu wa kwanza aliweka jiwe la msingi na kuahidi mabati yote ndani ya mwezi mmoja. Tulipiga makofi, tukaenda kufyeka sehemu ya kuyahifadhi. Sehemu hiyo tumeifyeka mara tatu sasa, maana majani hayasubiri. Mgeni wa pili aliongoza harambee, na ahadi zilizosomwa kwenye kipaza sauti zilifika shilingi milioni nne na laki mbili. Zilizofika mkononi ni laki tatu na elfu arobaini, na kati ya hizo laki moja ilitoka kwa walimu wa shule hii. Baadaye alikuja mtaalamu, akapima boma kwa futi kamba, akapiga picha pande zote nne, akaondoka na namba ya simu ya katibu wetu. Katibu hajabadilisha laini. Simu yake hata shambani haizimi, anaiacha juu ya kichuguu palipo na mtandao.

Mvua mbili zimepita juu ya kuta zile. Tulijengea udongo kwa kuwa saruji ilitushinda bei, na kila masika kozi za juu zinalainika na kushuka. Tumeshazirudishia mara mbili. Kona ya upande wa mashariki imeanza kupasuka, ufa ambao mwaka jana uliingiza kisu, mwaka huu unaingiza kiganja. Fundi wetu anasema ukuta ule hautabeba mvua ya tatu. Mvua za Tabora zinaanza Novemba, na leo tumo ndani ya Oktoba. Boma likianguka, Mheshimiwa, tofali zitapatikana nyingine. Watu wa kuzibeba mara ya pili hatuna uhakika nao, kwa kuwa kuna wazazi ambao tayari wanatuambia tuliwadanganya. Wanatuambia sisi, siyo wale walioahidi, maana sisi ndio wanaokutana nao kisimani.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, kikundi kina ombi moja. Tungeweza kuomba na kisima cha pili, na kompyuta, na jezi za timu, na yote ni ya haki. Tumekubaliana tusiyataje, ili lisipotee hili. Tunaomba bweni lipauliwe. Yanahitajika mabati 110 ya geji 28 ya futi kumi, mbao za kenchi, misumari, na saruji mifuko 40 ya kufunga kozi za juu na kuziba kona ya mashariki. Orodha yenye bei za maduka ya Kaliua na Tabora mjini tumeiambatisha, tumeiandika upya juma lililopita kwa sababu bei za mwaka 2022 hazipo tena. Kwa upande wetu, tuna shilingi laki tisa na elfu sitini kwenye akaunti, na taarifa ya benki ipo mezani kwako, uikague. Mafundi wawili wanachama wamejitolea kupaua bila ujira. Chakula chao ni kibaba. Vitanda tutavitafuta wenyewe, na hadi vipatikane mabinti watalala kwenye mikeka, ndani ya uzio, mlinzi akiwa getini.

Na tunaomba lingine dogo, Mheshimiwa, utuvumilie. Tunaomba siku ya leo tusipewe ahadi. Tunaomba tarehe. Kama ni mabati yote, tarehe. Kama ni nusu, tarehe ya nusu. Na kama haiwezekani kabisa kabla ya mvua, tunaomba utuambie hapa mbele ya wazazi hawa, nasi tutakushukuru kwa dhati, kwa kuwa tutajua kesho asubuhi twende kununua maturubai ya kufunika kuta. Tumeweka daftari la wageni na kalamu. Tunaomba tarehe hiyo uiandike kwa mkono wako, pamoja na jina la mtumishi ambaye katibu wetu atampigia.

Mwisho, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ratiba inaonyesha kwamba baada ya risala hii ni burudani, kisha chakula. Akina mama wamepika vizuri, wali na kuku wa kienyeji, na chakula kimefunikwa, hakitapoa. Tunaomba kwa ruhusa yako tubadilishe ratiba. Boma liko nyuma ya madarasa yale, hatua kama mia mbili. Bibi ameomba yeye ndiye akupeleke. Anatembea polepole siku hizi, tutatembea kwa mwendo wake.

Tunaomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na kamati ya kikundi na kusomwa na Katibu, kwa niaba ya wazazi walezi wa Ulyankulu.