Neema, beseni lisubiri

Tanga, 14 Juni

Neema shoga yangu,

Habari za Makete? Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, mguu wake umepata nafuu. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu, na habari ya mama mkwe kununua beseni la kumwogesha mtoto pale pale akizaliwa imeninyima usingizi. Mwezi wa saba, Makete, umande unaganda kwenye nyasi!

Mimi na wewe tukishikwa na baridi tunatetemeka. Mtoto mchanga kutetemeka hawezi. Badala yake anazaliwa na mafuta ya kahawia, katikati ya mabega, shingoni, mpaka kwenye figo. Ubongo ukihisi baridi, neva zinayaamsha, mafuta yanavunjwa kuwa asidi za mafuta, nazo zinachomwa ndani ya mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli. Sehemu nyingine za mwili, nishati ile ingefanya kazi nyingine. Hapa kuna protini iitwayo UCP1 inayoiachia itoke yote kama joto, na asidi hizo hizo ndizo zinazoifungulia njia. Ni jiko limewashwa bila kubandikwa sufuria, moto wote wa kuotea.

Lakini mkaa wake ni mchache, na jiko lile linakula oksijeni na sukari. Ukimlowesha, anachoma akiba aliyokuja nayo kabla hajajua hata kunyonya.

Wiki iliyopita, hapa hapa Tanga penye joto, tumepokea mtoto aliyezaliwa nyumbani. Ameshaogeshwa, kafungwa kitenge kibichi. Miguu baridi kama jiwe la mtoni. Nikapitisha vidole mgongoni, katikati ya mabega: pale pana joto. Neema, machozi yalinilenga. Kiumbe cha kilo mbili, kimya, hana nguvu ya kulia, na bado anajipigania. Tukamkausha, kofia kichwani, tukamlaza kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, khanga kavu juu yao. Kama saa mbili baadaye akaanza kutafuta ziwa.

Kwa hiyo beseni lisubiri. Shirika la Afya Duniani linasema angalau saa 24. Akaushwe tu, alale kifuani kwako, anyonye mapema. Joto lake liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Na jiko la mkaa msiingize chumbani, nakuomba sana, hewa yake inaua watu wamelala.

Nakazania hivi kwa sababu ya mwanao Baraka. Alikuja kabla ya wiki zake, na mafuta haya huongezeka sana wiki za mwisho za mimba. Huyu naye akiwahi, atakuwa na akiba kidogo zaidi. Nilitaka nikwambie siku ile ya arusi ya Tumaini, lakini watu walikuwa wengi.

Mama mkwe msomee barua hii, umpe na shikamoo yangu. Najua beseni kalinunua kwa mapenzi.

Sasa nijibu: wiki ni ngapi leo? Kliniki wamekupima damu? Utajifungulia wapi, na usafiri wa usiku nani atatoa? Kofia unazo, au nifume mbili nimpe dereva wa basi la Njombe? Yule wifi yako mkunga bado yupo huko?

Wako,
Rehema