Ufunguo wa bashe ya baba: barua kwa Yaya

Yaya,

Mkubwa wangu, ujumbe wako umefika. Unasema mwezi wa sita mnakuja Lubumbashi, wewe na watoto, na kwamba mtachukua bashe ya baba, ile Peugeot 404 ya turubai nyuma, mfuate barabara ya Likasi, mkunje kuelekea Kapolowe na kumalizia Mwadingusha, watoto waone ziwa na maporomoko. Nimefurahi, nisikufiche. Wale watoto hawajawahi kupanda gari ambayo mkono wa gia uko kwenye usukani. Waje waione. Lakini hukuuliza kama gari iko tayari, umeuliza ufunguo uko wapi. Nakujibu hapa mbele ya watu, maana kwa simu huwa unakata kabla sijamaliza.

Ufunguo uko kwangu. Utabaki kwangu mpaka haya yafuatayo yafanyike, na ninayaandika yote ili usije ukawaambia akina Baba Mdogo kwamba nimekunyima urithi.

Mwezi umechagua vizuri. Mvua zimekwisha, barabara ya udongo imekauka, nyasi bado hazijachomwa. Ukingoja mwezi wa nane au wa tisa, moshi wa moto wa porini unafunika kila kitu, ingawa ndipo majani mapya ya miombo yanapochipua mekundu, na hilo nalo ni la kutazama. Mwezi wa sita asubuhi ni baridi kweli, na injini ya zamani inaipenda baridi hiyo.

Sasa tuongee juu ya injini yenyewe. Watu husema 404 ni chuma, haifi. Peugeot 404 ilitoka mwaka 1960 na jina lake likajengwa na Safari Rally, ilikoshinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Ni kweli. Lakini zile zilikuwa na mafundi wanaozisubiri kila kituo. Ya baba ina injini ya esansi, yaani petroli, ya sentimita za ujazo 1,618. Silinda zake ni za chuma, zinazungukwa na maji moja kwa moja, na juu yake kuna kulasi, yaani kichwa cha injini, ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka kuliko chuma. Joto likipita kiasi, kulasi inapinda, gasketi inaachia, maji yanaingia kwenye silinda na mafuta ya injini yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiona rangi hiyo kwenye kijiti cha kupimia, usiwashe tena hata kidogo. Povu linalopanda kwenye rejeta wakati injini inanguruma ni dalili ileile, na moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto, vilevile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni maji. Mji wetu uko juu, mita 1,200 na zaidi, na huku maji hayangoji nyuzi 100 ndipo yachemke. Yanachemka kwenye 96 hivi. Kinachoyazuia ni kifuniko cha rejeta: kina springi na raba inayobana shinikizo ndani, na shinikizo hilo ndilo linalopandisha kiwango cha kuchemka. Raba ikikauka, kifuniko kinabaki pambo. Watu wanabadilisha pampu ya maji, wanabadilisha termostati, wanalaumu mafundi, kumbe ubaya uko kwenye kitu kinachoshikwa kwa vidole viwili. Baada ya kifuniko, mipira ya maji: ibonye gari ikiwa baridi, wa juu na wa chini. Ukilegea kupita kiasi au ukionyesha nyufa karibu na klipu, toa. Mkanda wa feni ukiusukuma kwa kidole gumba katikati uingie ndani sentimita moja, usizidi sana. Weka mpya, ule wa zamani ukae nyuma ya kiti. Na mapezi ya rejeta yaoshwe kwa maji ya taratibu kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa sababu wadudu na vumbi vimeingia kutoka mbele, na ukiosha kutoka mbele unavisukuma ndani zaidi.

Unajua kwa nini naanzia hapo.

Siku ile tulikuwa tumepita Lwisha, kwenye barabara ya Likasi, wewe ukiendesha. Sindano ya joto ilikuwa imefika kwenye nyekundu na baba, aliyekaa katikati, aliweka mkono juu ya dashibodi akasema, "Simamisha." Ukasema, "Tumebakisha kidogo." Akasema tena, kwa sauti ileile. Hukusimama mpaka gari yenyewe ilipokataa. Halafu, badala ya kungoja, ulinunua bidoni ya maji ya kisima kwa yule mtoto wa kando ya barabara, maji ya baridi ya mwezi wa saba, ukafunga shati mkononi, ukafungua kifuniko, mvuke ukaruka, na ulipotulia kidogo ukamimina yote kwa mara moja. Kukasikika mlio mmoja mkavu kutoka ndani. Baba alijua ni nini. Hakusema neno. Alitoa leso akafuta maji yaliyomwagikia bawa la gari, akarudi ndani akakaa. Sijui kama ulimtazama usoni wakati ule. Mimi nilimtazama.

Na siku ya kumaliza kilio, mbele ya wajomba, ni wewe uliyesema ile ni feraye, chuma chakavu, ipelekwe ikapimwe kwa kilo. Wewe, Yaya. Mtu mwingine angesema ningenyamaza.

Basi sikiliza jinsi inavyofanyika, kwa sababu inaweza kutokea tena hata kwa dereva mzuri. Sindano ikipita mahali pake pa kawaida, usingoje nyekundu. Fungua hita kwa nguvu zote, hata kama mtatoka jasho, maana inavuta joto kutoka kwenye injini. Ondoa mguu, tafuta kivuli, simama, zima, inua boneti. Kifuniko usikiguse. Ngoja mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa mkono mtupu bila kuuondoa. Hiyo inaweza kuwa nusu saa, inaweza kuwa saa nzima. Watoto wacheze, wale maandazi. Kisha kitambaa kizito, zungusha robo tu, acha mvuke umalizike, ndipo ufungue. Washa injini iende polepole bila gia, na maji uyaongeze kidogo kidogo huku inanguruma, ili ya baridi yachanganyike na ya moto kabla ya kufika kwenye kulasi. Ile kulasi imeshasawazishwa kwenye mashine, haina tena nyama ya kukata. Ikipinda tena, kwisha. Gasketi mpya imewekwa, na nati zake zitakazwa tena baada ya safari ya kwanza, injini ikiwa baridi, kuanzia katikati kwenda pembeni. Nimelipa mimi. Sidai, nasema tu ili ijulikane.

Barabara yenyewe. Mpaka Likasi ni kilomita kama 120, lami, na hapo ndipo penye hatari kuliko kwenye udongo. Malori ya migodi yanapanda na kushuka na shaba, asidi na chokaa, na lori likikupita kwa kasi upepo wake unayumbisha bashe tupu. Watu wa makala, yaani mkaa, wanasukuma baiskeli zenye magunia marefu kuliko wao, hawawezi kukwepa haraka. Kilomita 60 au 70 kwa saa zinatosha. Breki za bashe hii ni za ngoma, na ngoma zikishika moto zinapoteza nguvu, kwa hiyo kwenye mteremko shuka na gia ileile ambayo ungepandia. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakiwa na maji yanachemka mahali ambapo hayakupaswa kuchemka, pedali inaingia mpaka chini. Yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Kabla ya safari, jaribu kwenye uwanja mtupu: kilomita 30 kwa saa, kanyaga kwa nguvu, usukani uushike kwa wepesi. Gari ikivuta upande mmoja, fungua ngoma za pande zote mbili, utakuta silinda moja inavuja au imekwama. Na kila mnaposimama, pitisha mkono karibu na kila gurudumu. Moja likiwa la moto kuliko mengine, ni beringi au ni breki isiyoachia.

Matairi usiyaamini kwa macho. Pembeni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yale yaliyokuwa kwenye bashe yalikuwa na kashata, yaani meno, nzuri kabisa, lakini mpira umezeeka kwa kukaa. Nimeyatoa. Beba spea mbili, pampu, viraka, na ubao wa kuweka chini ya kriki, yaani jeki, kwa sababu pembeni ya barabara ya Kapolowe udongo ni laini na kriki inazama badala ya gari kupanda.

Mkiacha lami, mtakuta makunyanzi ya barabara. Bashe tupu nyuma yake ni nyepesi, inaruka, na kwenye kona mkia unataka kwenda mbele. Weka mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma na uifunge kwa kamba. Watoto hawakai nyuma. Najua sisi tulikaa, tukaimba mpaka Likasi, na ndiyo kumbukumbu unayotaka kuwapa. Hawakai. Kule nyuma hakuna cha kushika isipokuwa bomba la turubai. Kiti cha mbele kinabeba watatu wakibanana, na wengine wafuate na gari nyingine.

Esansi nunueni kituoni Lubumbashi, mjaze. Hesabu lita 12 kwa kilomita 100, na kwenye udongo zaidi. Ya kadafi, ile ya chupa za kando ya barabara, iwe ya dharura tu, na ipite kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili, maana uchafu kidogo tu unaziba jikleri, tundu dogo la kabureta, na gari inaanza kukohoa kila mnapopanda mlima.

Gari ikizima baada ya saa nzima ya safari, ikapoa, ikawaka, halafu ikazima tena, usikimbilie kufungua kabureta. Toa waya mkubwa katikati ya delko, kile kigawa umeme cha plagi, usogeze karibu na chuma kwa kuushika na kitu kikavu, mtu azungushe stata. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzuri. Cheche ya manjano, dhaifu, ni kondensa au koili iliyochoka na joto. Zote mbili zimo kwenye kopo la bluu chini ya kiti, pamoja na platini mpya, ile inayokata na kuunga umeme ndani ya delko. Mwanya wa platini ni milimita 0.4, wa buji, yaani plagi, 0.6, na kipimo kimo humohumo. Kama cheche ni nzuri lakini kikombe cha pampu ya esansi ni kitupu, esansi imegeuka mvuke kwenye bomba. Funga kitambaa cha maji juu ya pampu na mngoje.

Wewe msomaji mwenye gari ya aina hii, samahani kwa maneno ya nyumbani yaliyopita. Haya ya mwisho yanakuhusu hata wewe.

Ondokeni kunapopambazuka, siyo kabla. Taa za gari hii si za kushindana na malori. Karte roze (kadi ya gari), asiransi (bima) na kontroli teknike (cheti cha ukaguzi) viwe mkononi, siyo kwenye sanduku nyuma. Maji lita 20 ya gari, mengine ya watu. Mafuta ya injini 20W-50, lita mbili za akiba. Kwenye ziwa Tshangalele nunueni samaki asubuhi, na waambieni watoto kwamba ziwa lile ni mto Lufira uliozuiwa na bwawa la Mwadingusha, kwa ajili ya kituo cha umeme cha mwaka 1930 kilichojengwa kuhudumia migodi ya shaba. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha karibu na kituo. Mwezi wa sita jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo laleni Likasi. Msirudi usiku ule.

Utasema nimekuwa mkali, kwamba mdogo hamfundishi mkubwa. Yaya, nakuheshimu, na ukifika nitakupokea na bukari, ugali wetu, na samaki kama kawaida. Lakini mtu aliyekaa na hii gari miaka yote hii, akaiwasha kila wiki ili mafuta yapite, akaitoa kwenye jua, ni nani? Baba hakuandika karatasi. Alinipa ufunguo mkononi, na hakuniambia nikupe. Sikuuomba.

Nitakukabidhi asubuhi ya safari, injini ikiwa baridi, Baba Mdogo akiwa pale. Utainua boneti mwenyewe, utapima mafuta, utabonya mipira, utaonyesha mkanda, kisha utamwambia Baba Mdogo utafanya nini sindano ikipanda. Akiridhika, ufunguo ni wako mpaka mrudi.

Gasketi ya akiba ninayo. Kifuniko cha rejeta njoo nacho wewe, kipya, na usikinunue kabla hujanitumia picha ya shingo yake, kwa sababu viko vya marefu mawili na kile kifupi hakibani.