Meno ya kurutu yatibiwe, yasihesabiwe tu

Mhariri,

Kila usajili wa makurutu unapotangazwa, hapa Kariokor mzaha huwa ni uleule: ati jeshi humchagua kijana kama mnunuzi anavyochagua punda mnadani, kwa kumfunua mdomo. Mimi ni fundi wa meno ya bandia, kwa hiyo maneno hayo hunifikia mapema. Ukaguzi wenyewe siupingi, maana una sababu zake. Ninacholalamikia ni kwamba tangu zamani majeshi yamekuwa hodari wa kukagua meno na wazito wa kuyatibu.

Wakati mmoja jino lilikuwa sehemu ya bunduki. Baruti na risasi vilifungwa pamoja ndani ya karatasi. Askari aliing'ata ncha ya karatasi, akaitema, akamimina baruti mtutuni, kisha akaishindilia risasi kwa ufito wa chuma. Meno ya mbele yasipokutana, karatasi haichaniki. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, wapo waliokataliwa kwa sababu ya pengo, na wapo waliojing'oa makusudi wasipelekwe vitani. Kule India mwaka 1857, uvumi kwamba karatasi hizo zilipakwa mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha uasi dhidi ya Waingereza, kwani Mhindu na Mwislamu kila mmoja angetiwa haramu yake kinywani.

Na tiba? Baada ya mapigano ya Waterloo, 1815, maiti ziling'olewa meno, yakauzwa Uingereza kutengenezea meno ya bandia ya wenye pesa. (Ndio wahenga wa kazi yangu hao, nifanyeje.) Katika Vita vya Makaburu biskuti ngumu za jeshi ziliwashinda askari wengi wa Uingereza wenye meno mabovu, hata wengine wakaondolewa vitani. Frederick Newland-Pedley, daktari wa meno wa hospitali ya Guy's, London, alikwenda Afrika Kusini mwaka 1900 kwa kujitolea. Vita vikaisha, wakubwa wakasahau. Mwaka 1914 jeshi lilelile likavuka kwenda Ufaransa bila daktari wa meno hata mmoja.

Kilichowaamsha ni jino la Jenerali Douglas Haig. Lilimuuma vita vya mto Aisne vikiwa vimepamba moto, ikabidi daktari aitwe kutoka Paris. Kabla mwaka haujaisha, madaktari wa kwanza wa meno walikuwa wametumwa Ufaransa. Vita vilipokoma walikuwa wamepita 800. Kikosi rasmi cha meno cha jeshi la Uingereza kikaundwa 1921. Wamarekani walikuwa na chao tangu 1911. Maelfu ya askari wadogo walikuwa wameuguza meno yao mahandakini, lakini amri ilitoka alipoumwa mkubwa.

Upande wetu, KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, iliundwa 1902, wakati risasi tayari zina maganda ya shaba yasiyohitaji kung'atwa. Pengo la Mluo aliyeng'olewa meno sita ya chini kimila, au la Mmaasai aliyetolewa mawili, halikumzuia mtu kufyatua bunduki. Wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha kubeba mizigo ya jeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliouachia mtaa wetu jina, walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na lishe mbovu kuliko kwa risasi. Jeshi lililoshindwa kuwazuilia kuhara lisingekuwa na nafasi ya kuwatazama meno.

Siku hizi sababu ya ukaguzi ni nyingine. Jino likivimba usaha usiku, askari akiwa kambini Somalia, hapigani wala halali, na pengine itabidi asafirishwe. Hilo naliafiki kabisa.

Lakini tazama kijana wa Eastlands mwenye jino lililotoboka. Kuliziba ni ghali, kuling'oa ni rahisi, kwa hiyo mama yake anampeleka ling'olewe. Maumivu yanakwisha, pengo linabaki. Akifika uwanjani kusajiliwa jeshini miaka michache baadaye, pengo hilohilo linaweza kumponza. Meno huja mezani kwangu mengine yakiwa yameng'olewa kwa tundu ambalo lingezibwa kwa kikao kimoja.

Ombi langu ni hili. Tangazo la usajili litoke mapema na lieleze waziwazi hali ya meno inayotakiwa. Mwenye jino linalotibika apewe karatasi na muda wa kwenda kuliziba, arudi akaguliwe tena, badala ya kuambiwa aende zake. Na kaunti ya Nairobi ipeleke madaktari wa meno shuleni, waanze na darasa la nne au la tano, meno ya utu uzima yakiwa bado mapya. Wino na karatasi za usajili zina bajeti. Saruji ya kuziba jino nayo itafutiwe.

Fundi wa meno ya bandia,
Kariokor, Nairobi