Barua kwa Rashidi: Kwa nini kuvu haikomi vyura wakipungua

Mpendwa Rashidi,

Salamu nyingi. Barua yako imefika, na hoja yako ina mantiki: ugonjwa ukishaua vyura wengi, waliobaki wakutane mara chache, maambukizi yafifie, na wachache wanusurike. Hesabu za kawaida za magonjwa husema hivyohivyo. Kwa vyura hesabu hiyo imegoma, na kabla hujaingia mtoni na wenzako kupima vyura ujue imegomea wapi, maana masharti ya usafi ninayokuandikia yanatoka hapo.

Ugonjwa huo huletwa na kuvu iitwayo Batrachochytrium dendrobatidis, kwa kifupi Bd. Ilipewa jina mwaka 1999, na utafiti wa vinasaba uliotolewa 2018 unaonyesha chimbuko lake ni Asia ya Mashariki. Hukaa kwenye keratini, yaani protini ngumu ya ngozi, na kutoa mbegu zenye mkia zinazoogelea majini. Chura hunywa maji kwa ngozi, na chumvi za mwili hudhibitiwa hapohapo. Ngozi ikiharibika, sodiamu na potasiamu hushuka katika damu na moyo husimama. Kwa hiyo usitafute vidonda. Mtazame anayekaa wazi mchana, anayejichuna ngozi kupita kiasi, ambaye ukimlaza chali hajigeuzi.

Sasa hoja yako. Kiluwiluwi ana keratini mdomoni tu, basi kuvu humkalia hapo bila kumuua. Anapogeuka chura, ngozi nzima inakuwa chakula chake. Pale ambapo viluwiluwi huchukua mwaka au zaidi kukua, wakubwa wanaweza kuisha na bwawa likabaki na ugonjwa. Tena wapo vyura wanaoibeba kuvu bila kudhoofika sana, kama Xenopus laevis wa kusini mwa Afrika na chura fahali wa Marekani, na hao wote wamesafirishwa sana kibiashara. Kuvu haimtegemei chura anayekufa ili iendelee kuishi. Ikimkuta chura anayeishi eneo dogo tu, hana pa kukimbilia. Tathmini ya mwaka 2019 ilitaja angalau aina 501 za vyura na jamaa zao zilizopungua kwa sababu ya ugonjwa huu, 90 kati yake zikidhaniwa zimetoweka.

Umetaja chura wa Kihansi, Tanzania, kama mfano wa kuvu kuua peke yake. Hapo sikubaliani nawe. Nectophrynoides asperginis, kachura kasichofika sentimita 3, kanachozaa watoto kamili bila hatua ya kiluwiluwi, kaligunduliwa 1996 katika korongo moja tu chini ya milima ya Udzungwa, kakiishi kwa manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 maji mengi yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme na manyunyu yakakatika. Mabomba ya kunyunyizia yaliwekwa baadaye. Idadi iliporomoka 2003, na Bd ikakutwa kwenye mizoga. Mwaka 2009 kakatangazwa kutoweka porini. Kulaumu kuvu peke yake, au kukatika kwa maji peke yake, ni kurahisisha mno: makazi yalikuwa yamebanwa tayari kuvu ilipoonekana. Kalinusurika kwa sababu karibu 500 walikuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, na uzao wao ukaanza kurudishwa korongoni 2012.

Tuje kwenye kazi. Tope ndilo linaloharibu mambo: dawa ya klorini huishiwa nguvu ikikutana na uchafu, kwa hiyo sugua buti kwa brashi kwanza, hasa mifereji ya soli, ndipo uzitie dawa. Kama chupa ya dawa hiyo ina hipokloraiti (kiini chake kinachoua) ya 3.5%, changanya lita 1 na maji lita 2.5 upate 1%. Changanya siku ileile, maana ikikaa juani inadhoofika. Dakika 1 inatosha kuua Bd. Mimi ningeacha 5. Suuza mbali na mto, kwani klorini huua viluwiluwi. Nyavu zinyweshe maji ya nyuzi 60 kwa dakika 5. Kukausha kunaua pia, saa 3 za ukavu kamili, lakini pindo la wavu hubaki bichi ndani huku nje pakionekana pakavu, na hapo ndipo watu hudanganyika.

Kila chura na glavu mpya. Ili kupima kama ana kuvu, pangusa kwa kijiti cha pamba: tumbo mara 5, paja la ndani mara 5 kila upande, utando wa vidole vya nyuma mara 5 kila mguu, jumla 25. Idadi isibadilike kati ya chura na chura, la sivyo vipimo havilinganishiki. Kijiti kikavu kiingie kwenye kichupa chake na kikae baridini. Usikiache ndani ya gari lililopigwa jua.

Chagua majira ya baridi. Bd hustawi kati ya nyuzi 17 na 25, na ikipita 28 haikui, kwa hiyo ukipima wakati wa joto unaweza kuikosa ingawa ipo. Na ukipangusa vyura 30, wote wakaonekana safi, usiandike "hakuna kuvu". Kwa idadi hiyo, huenda hadi chura 1 kati ya 10 anayo na hukumpata. Ukitaka kushusha kiwango hicho hadi 1 kati ya 20, pangusa 60.

Niandikie idadi ya mabwawa mliyoyachagua, nikupigie hesabu ya vijiti.

Wako,
Salma