Mti mmoja, mwani usiohesabika: idadi haitoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie hoja ya kulinganisha mti wa jamii ya mnazi ulio hatarini kutoweka na mwani wa seli moja wa maji baridi. Aghalabu hoja hiyo huishia kwenye idadi: mti umebaki mmoja, mwani hauhesabiki, basi mti pekee ndio wa kulindwa. Nadhani tungeanza na namna kila kimoja kinavyozaliana.

Mti unaoitwa Hyophorbe amaricaulis umebaki mmoja tu duniani, katika Bustani ya Mimea ya Curepipe, nchini Morisi. Unatoa maua ya kiume na ya kike, ila hayapevuki kwa wakati mmoja, hivyo chavua inapokuwa tayari hakuna ua la kuipokea. Tena, kama ilivyo kwa mnazi, shina hukua kutokana na chipukizi moja kileleni, na likioza, hakuna tawi la pembeni la kushika nafasi yake. Hata miche ikipatikana kwa msaada wa maabara, yote itakuwa ya mzazi mmoja.

Sasa tutazame Micrasterias, yaani mwani wenyewe, kwa hadubini. Ni seli bapa ya kijani, yenye nusu mbili zinazofanana, kingo zimechanjika kama zilizokatwa kwa mkasi, na kiini kimekaa katikati, penye mbano. Inapogawanyika, kila nusu hujijengea nusu mpya, kwa hiyo seli huwa kongwe upande mmoja na changa upande wa pili. Mti wa Curepipe ungejaliwa uwezo huo, nisingekuandikia barua hii.

Wanaouita mwani huu kiumbe duni wanasahau kwamba kundi lake ndilo lililo karibu zaidi kinasaba na mimea yote ya nchi kavu, mti huo ukiwemo, kuliko mwani mwingine wowote wa kijani.

Wingi wake nao una masharti. Jamaa zake wengi hustawi katika maji yenye asidi kidogo na virutubisho haba. Mbolea ya mashambani ikitiririkia humo, mwani wa aina nyingine huwazidi nguvu. Mti unaweza kuzungushiwa uzio, lakini mwani haulindiki pasipo kulinda bwawa zima pamoja na mashamba yanayomwaga maji humo, na kazi hiyo haianzi kwa kuhesabu seli.

Wako katika ujenzi wa hoja,
Msomaji